Nanaa ya Mzee Shomari

Mpo? Sijasikia vizuri. Mpo? Haya, sasa nimesikia. Mwenye simu aizime, mwenye usingizi akalale, na wewe unayependa kujibu kabla sijamaliza, leo utavumilia. Mara ya mwisho nilipowapa kisa cha namna hii mligombana mpaka wali ukaungua, kisha nikasingiziwa mimi. Kwa hiyo nasema mapema: yangu ni kusimulia tu, kuamua ni kwenu.

Nyumba yenyewe iko Tabora, mtaa siutaji maana wenyewe wapo. Ina vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, karo la kuoshea vyombo pembeni mwa ua, na bafu mwisho kabisa. Humo walikaa watu watatu ninaotaka muwajue, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Hidaya, mkwe wa mwenye nyumba. Kipaji chake kilikuwa pua. Msicheke. Akipita mlangoni tu alijua kwamba maziwa yatachacha kesho, alijua mchele uliochanganywa na wa mwaka jana, na mumewe Idi akirudi alijua amepitia wapi. Idi hakuwa na siri hata moja katika ndoa ile, maskini.

Wa pili ni Mzee Kapela, mpangaji wa chumba cha mbele, fundi saa. Kipaji chake kilikuwa subira. Angeweza kukaa tangu asubuhi hadi adhuhuri akitafuta skrubu ndogo kama yai la chawa, na asiseme neno baya hata moja. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, kwa hiyo subira yote ile ilikuwa imekaa bure.

Wa tatu ni Chausiku, mpangaji wa chumba cha nyuma, muuza vitumbua. Kipaji chake kilikuwa mikono isiyotulia. Alifagia, aliosha, alipanga, alitupa. Ukiweka kikombe chini kabla hujamaliza chai, ukigeuka unakuta kimeshaoshwa na kufunikwa. Ulimi wake nao haukutulia, lakini huo tuuache kwanza.

Wenye nyumba walikuwa Mzee Shomari na mkewe, Bi Sikudhani. Mzee Shomari alikuwa na nanaa yake kwenye karai lililotoboka, pale kando ya karo. Haikuwa nanaa kama hii ya sokoni inayonuka dawa ya meno. Shina lake lilikuwa jekundu kwa mbali, majani madogo yenye mikunjo, na harufu yake ilikuja taratibu, tamu. Mbegu yake aliitoa kwa mama yake akiwa kijana. Kila siku baada ya sala ya alasiri alichuma majani kwa mkono wake, Bi Sikudhani akachemsha, wakakaa kwenye mkeka uani wakanywa chai. Wakati mwingine walizungumza, wakati mwingine walikaa kimya tu.

Mwezi wa saba Mzee Shomari akafariki. Nyumba ikajaa. Mnajua msiba wa kwetu ulivyo: watu wa Nzega wamekuja, wa Sikonge wamekuja, masufuria makubwa yameazimwa mtaa mzima. Waliotaka chai walichuma nanaa, wakachuma tena, mpaka vikabaki vijiti. Wanawake wa kuosha vyombo nao walikuwa wanamwaga maji ya moto kwenye masufuria ili ukoko ulainike, kisha wanayatupa hapo hapo kando ya karo. Siku ya tatu ile nanaa ilikuwa imeiva kama mchicha. Karai lenyewe likapotea pamoja na vijiko saba, na hakuna aliyejua ni nani aliyemwaga maji wala nani aliyebeba karai.

Bi Sikudhani akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Na hapo ndipo shida ilipoanza, maana aliacha kula. Hakugoma, wala hakuwa na ugonjwa. Mganga wa zahanati alikuja akampima akasema mama yuko mzima, ale tu. Lakini kila walichompa alikitafuna, akakizungusha mdomoni, akakitema.

"Natafuna karatasi, wanangu," alisema. "Mnipikie msinipikie, ni karatasi."

Alikunywa vijiko viwili vitatu vya uji ili wasimsumbue. Idi akaenda sokoni akanunua fungu zima la nanaa, wakamchemshia. Bi Sikudhani akainusa, akairudisha glasi kwa adabu.

"Hii ni ya watu wengine," akasema.

Mwezi wa pili wa eda ulipoingia, mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Idi alikuwa anatoka nje kulia, anasingizia vumbi. Kila mtu mle ndani alijua kwamba mama huyu hatamaliza eda yake.

Sasa sikieni alichofanya Hidaya. Alikumbuka kwamba mkwewe marehemu aliwahi kumpa rafiki yake wa Kaliua, Mzee Hilali, kipande cha ile nanaa, miaka mingi iliyopita. Akapanda basi peke yake mpaka Kaliua. Akafika akaambiwa Mzee Hilali alishakufa, na nyumba inajengwa upya. Uani akakuta mafundi wanachanganya zege, wanataka kusakafia ua mzima siku ile ile. Nanaa zilikuwepo za aina mbili tatu, zimesambaa na kuchanganyikana na magugu chini ya bomba bovu linalovuja.

"Dada, sogea, zege linakauka," fundi akamwambia.

"Kaka yangu, nipe muda wa kunusa."

"Kunusa nini?"

Hidaya alipiga magoti kwenye matope na gauni lake la safari, akanusa jani moja moja, mafundi wanamcheka. Chini kabisa, ukutani, akaipata. Vijiti vinne tu. Akavikata, akavifunga kwenye kipande cha kanga alichokilowesha, na alipogeuka nyuma zege lilikuwa limeshamwagwa juu ya mengine yote. Njia nzima ya kurudi alikuwa anakilowesha kile kitambaa kwa maji yake ya kunywa. Alifika Tabora midomo imepasuka kwa kiu.

Akataka kuvichemsha hapo hapo. Mama ana njaa, nanaa imepatikana, mnangoja nini? Mzee Kapela ndiye aliyemzuia.

"Ukichemsha leo, atakunywa leo," alisema. "Kesho utamchemshia nini, mwanangu? Zege?"

Hidaya alilia kwa hasira, lakini akampa. Na nisiwafiche: baada ya kumpa, hakuimwagilia ile nanaa hata kikombe kimoja. Alisema yeye kazi yake ameifanya.

Sasa sikieni alichofanya Mzee Kapela. Alivipunguza majani ya chini, akavisimamisha vile vijiti kwenye glasi ya maji, akaiweka dirishani pake pasipopiga jua kali. Kila asubuhi alibadilisha maji. Kila asubuhi aliangalia kwa ile miwani yake ya kutengenezea saa, jicho moja amelifumba. Viwili vikaoza. Siku ya kumi na moja vingine viwili vikatoa mizizi myeupe, myembamba kama nywele za mtoto mchanga, na yule mzee akapita chumba kwa chumba kuwaonyesha watu.

Ikabidi apate chombo cha kupandia. Kilichofaa kwa upana kilikuwa kimoja, ndoo ya marehemu, ngumu, nzuri. Bi Sikudhani akaruhusu, nyuma ya pazia. Ila ndoo haikuwa na tundu chini.

"Itoboe, mzee," Chausiku alimwambia. "Maji yatatokea wapi?"

"Nitoboe ndoo ya marehemu? Mirathi haijagawanywa. Hii ndoo ni ya warithi wote. Kuitumia nimepewa ruhusa, lakini kuitoboa ni mpaka warithi wakae."

Na warithi, kama mnavyojua warithi, hawakukaa. Mwezi wa tisa ukaingia na kiangazi cha Tabora, bomba likawa linatoa maji mara mbili kwa wiki. Mzee Kapela akawa anaoga nusu ndoo, anayobakiza anaipa nanaa. Kuna siku alijifuta kwa kitambaa tu, na bado nanaa ikapewa kopo lake. Ikashika, ikatambaa, ikajaza ndoo mizizi. Bi Sikudhani kila alipokwenda bafuni alisimama kidogo pale, akaitazama, akaendelea. Siku hizo alikunywa uji bakuli zima.

Lakini maji yasiyo na pa kutokea hukaa. Ikaanza kuwa njano. Mzee Kapela akadhani ni kiu, akaongeza maji. Ikazidi kuwa njano, akazidi kumwagilia. Majani yakaanguka, udongo ukatoa uvundo, na Bi Sikudhani naye akarudi kwenye vijiko viwili, kisha kijiko kimoja.

Sasa sikieni alichofanya Chausiku. Asubuhi moja Mzee Kapela hayupo, Hidaya hayupo, aliishika ile ndoo, akaipindua nyuma ya bafu, pu! Udongo, mizizi, vijiti, vyote kwenye takataka. Akaiosha ndoo kwa sabuni, akaianika. Ndiyo, alifanya hivyo. Tulieni.

Waliporudi ilikuwa vita. Hidaya alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Nimepiga magoti kwenye matope kwa ajili ya ile nanaa! Wewe umeitupa kama maganda ya ndizi!"

"Ilikuwa imekufa," Chausiku akajibu.

"Umeambiwa na nani?"

"Nina macho. Na macho ninayo ya kumwona bibi pia. Kila akipita hapo anarudi ndani amekunja uso, chakula hakigusi. Mnataka amwone mumewe anakufa mara mbili? Nikaona bora isiwepo."

Mzee Kapela, mtu wa subira, aliingia chumbani kwake, na kwa wiki tatu hakumsalimia Chausiku. Wiki tatu katika nyumba yenye karo moja, fikirini wenyewe. Chausiku alikaanga vitumbua vyake anatazama chini. Aliumia, ila hakuomba radhi, maana hakuona kosa.

Basi kule nyuma ya bafu ndiko maji ya kuogea ya nyumba nzima yanakotokea. Pana kivuli mchana kutwa, na udongo wake ni laini kwa miaka ya majivu na maganda. Siku moja Chausiku alikwenda kumwaga majivu akakanyaga kitu. Akasimama. Akainua mguu, akainama. Wakasikia sauti yake mpaka mtaa wa pili.

"Mzee Kapela! Mzee Kapela, njoo unuse mguu wangu!"

Yule mzee akajua sasa ametukanwa rasmi. Akatoka na fimbo.

"Chausiku, mimi ni sawa na baba yako!"

"Nusa kwanza, utanipiga baadaye!"

Hidaya ndiye aliyenusa, tena hakufika hata mguuni. Alisimama mlangoni mwa bafu, akashika ukuta, akasema polepole, "Ndiyo yenyewe." Ilikuwa imetambaa eneo la mkeka mzima, shina jekundu kwa mbali, majani madogo yenye mikunjo. Mzee Kapela akaitupa fimbo, akachuchumaa akiyagusa majani bila kuchuma hata moja. Kisha, baada ya wiki tatu, akamwambia Chausiku, "Hujambo, mwanangu?"

Wakachuma. Wakachemsha. Hidaya akaipeleka ndani kwenye bakuli lililofunikwa. Bi Sikudhani alipofunua, mvuke ukampiga usoni, akalia. Hakuwa amelia tangu siku ya mazishi. Alilia kwa sauti, kanga usoni, na wote watatu nje ya pazia walilia naye. Kisha wakasikia anakunywa. Wakasikia anakunywa tena. Halafu akauliza, "Hapo nje hakuna kiazi?"

Alikula kiazi, na kesho yake akala viwili na kuuliza habari za maharage. Nawaambia, hiyo ilikuwa furaha. Idi alikwenda tena nje kulia, na safari hii hakusingizia vumbi.

Eda ikaisha. Bi Sikudhani akaoga, akavaa kanga mpya, akatandika mkeka uani baada ya alasiri, akawaita wote watatu. Kila mmoja alikuwa ameshapewa kipande cha nanaa kwenye kopo lake, kopo lenye tundu chini, kwa hiyo msiniambie wagawane nanaa. Nanaa ni ya wote. Alichowaitia ni kingine.

"Kwa miaka arobaini na moja," akasema, "glasi ya kwanza kwenye birika langu ilikuwa ya mtu mmoja. Sikumpa mgeni, sikumpa mwanangu. Anayepewa glasi ile ndiye anayekaa hapa kuliani kwangu kila alasiri, ndiye ninayemweleza la moyoni, na nikiumwa ndiye anayeshika funguo zangu. Pahali hapa siwezi kupaacha wazi, nitarudi kule nilikotoka, kutafuna karatasi. Wala siwezi kupagawanya. Nikimpa mtu leo, nimempa mpaka nife. Mmeniweka hai nyinyi. Semeni."

Wakaona haya. Mwisho Hidaya akaanza.

"Mama, nitasema kweli. Baba hakunitaka mimi. Harusi yangu hakuja, na miaka tisa hakuwahi kuniambia karibu chai, nawaangalia tu kutoka dirisha la jikoni. Nilipokuwa nanusa kule Kaliua nilisema, nikiipata hii, nitakaa kwenye mkeka ule. Bila mimi kisingekuwepo kitu cha kupanda wala cha kutupa."

Mzee Kapela akavua kofia. "Shemeji, mimi sina wa kunywa naye chai. Tangu mke wangu aondoke naweka vikombe viwili kwa mazoea, narudisha kimoja. Najua nilikosea, niliizamisha ile nanaa kwa mikono yangu. Lakini mizizi iliyoota kule nyuma ni ile niliyoilea kwenye ndoo, kwa maji ya kuogea. Kama ingetupwa bila mizizi, ingekauka siku ile ile."

Hapo mpo mtakaosema mwanamume asiye mumewe kila alasiri kwenye mkeka wake, mtaa utasema nini. Mzee ana miaka sabini na sita na magoti mabovu. Mtaa useme.

Chausiku alikaa muda mrefu bila kusema, na mkimjua Chausiku mtajua hilo ni jambo la ajabu. Akashika glasi, akaiweka. Akaipangusa, ingawa ilikuwa safi.

"Bibi, mimi nilitupa tu," akasema. "Sikujua itaota. Nisingetupa, ingeoza ndani ya ndoo na mizizi yake yote, hilo wenzangu wanalijua. Niliitupa kwa sababu sikupenda kukuona vile. Lakini kuna jingine. Ile ya kwanza, ya babu. Siku ya msiba. Aliyekuwa anaosha masufuria upande wa karai ni mimi. Yale maji ya moto niliyamwaga mimi. Niliona majani yanalala, nikasema ni nanaa tu, itaamka. Miezi minne nimenyamaza, watu wakisema haijulikani ni nani."

Hidaya akageuka akamtazama. Mzee Kapela akafumba jicho moja kama anatazama saa mbovu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kama angenyamaza, angekufa nalo.

Bi Sikudhani hakukasirika, wala hakutabasamu. Alilifunua birika akaangalia ndani, akalifunika. Akalishika kwa kitambaa, akaliinua juu ya sinia lenye glasi tatu.

Na wewe unayetaka kusema amimine zote tatu kwa pamoja, birika lina mdomo mmoja. Wewe unayetaka ajimiminie mwenyewe, umesikia alivyosema, pahali pale pakibaki wazi atarudi kule alikotoka. Na wewe unayecheka pembeni ukisema apewe Idi, Idi hakufanya chochote zaidi ya kulia, tena huwa hapendi chai.

Hidaya aliipata pale ambapo hakuna mwingine angeipata, kisha akaiacha mikononi mwa wengine, na alikwenda pia kwa haja yake mwenyewe. Kapela aliilea kwa maji yake ya kuogea, na mapenzi yale yale yakaizamisha. Chausiku aliiua moja akanyamaza, akaiokoa nyingine bila kujua, na akasema kweli siku ambayo kweli ingeweza kumnyima kila kitu.

Birika ni zito, na Bi Sikudhani ndiyo kwanza anarudisha nguvu. Watu watatu wanatazama glasi zao, na kila mmoja anaihitaji ile ya kwanza.

Ungekuwa wewe umeshika birika, ungemmiminia nani? Semeni basi, chai inapoa.